Kutunga ngonjera na kuipandisha jukwaani: ugomvi kwanza, vina baadaye

Anayetaka kujifunza misingi ya ushairi, maigizo na muziki kwa mkupuo mmoja, na atunge ngonjera. Humo mna beti zenye vina (silabi za mwisho zinazofanana) na mizani (hesabu ya silabi), mna watu wanaoshindana mbele ya hadhira, na mna sauti inayopanda na kushuka. Ukikosea mizani, mwimbaji atajikwaa. Ukikosea mgogoro, watu wataanza kupiga soga hata kama vina vimenyooka. Ukikosea mahadhi, maneno mazuri yatapita bila kusikika.

Kujibizana kwa mashairi ni kwa zamani sana kwetu pwani. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, bado anakumbukwa kwa beti zake za mabishano. Lakini ngonjera hii ya mashuleni na mikutanoni ilienea Tanzania kwa juhudi za Mathias Mnyampala wa Dodoma (1917–1969) na wenzake wa UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, washairi walitakiwa kuipeleka siasa ya Ujamaa kwa wananchi, na ngonjera ikawa chombo cha kazi hiyo: mmoja hajui, mwingine anajua, wanabishana, mwisho wanakubaliana.

Muundo huo ulifaa kazi yake, ila ulituachia urithi mmoja mbaya. Ngonjera nyingi tunazozisikia siku ya wazazi au kwenye mahafali zina upande mmoja wenye akili zote na upande mwingine wa mjinga wa kukodi, aliyewekwa pale ili ashindwe. Hadhira inajua mwisho tangu ubeti wa kwanza. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye ugomvi. Vina vitangoja.

Hatua ya 1: Tafuta ugomvi ambao kila upande una haki

Chukua jambo ambalo watu unaowafahamu wanabishana kweli. Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: Bibi anayepikia mkaa na mjukuu wake anayetaka nyumba ihamie kwenye gesi.

Kabla ya kuandika mshororo (mstari wa shairi) hata mmoja, andika ugomvi wenyewe kwa maneno ya kawaida, jinsi wangeusema jikoni. Bibi atasema: mkaa naununua kwa kopo, nikiwa na pesa kidogo napata kidogo, lakini mtungi ukiisha unataka pesa yote siku hiyohiyo. Maharage ya gesi hayana ladha. Gesi inaweza kulipuka. Mjukuu atasema: Bibi unakohoa usiku. Kopo la kila siku ukilijumlisha kwa mwezi ni pesa nyingi. Sufuria zote nyeusi. Miti inakwisha.

Sasa pima. Je, ungeweza kumtetea Bibi mbele ya watu bila kuona haya? Kama huwezi, bado huna ngonjera, una tangazo. Hoja ya Bibi kuhusu kununua kidogo kidogo ni nzito, na mjukuu hana jibu jepesi. Hapo ndipo igizo linapopatia nguvu. Ukiona upande mmoja umeelemewa, uongezee hoja, usimpunguzie mwenzake.

Angalia pia uhusiano wao. Mjukuu hawezi kumwambia Bibi "hujui kitu". Lazima aanze na shikamoo, asubiri marahaba, apitie kwenye heshima ndipo afike kwenye pingamizi. Bibi naye ana ruhusa ya kutania, kukaripia, na kukatiza. Kanuni hizo za adabu zinakupa mvutano wa bure: mtu mwenye hoja kali anayelazimika kuisema kwa upole huvutia kuliko anayefoka.

Hatua ya 2: Mpe kila ubeti kazi

Tumia bahari, yaani aina ya shairi, iitwayo tarbia: mishororo 4 kwa ubeti, kila mshororo mizani 16. Ubeti mmoja basi una mizani 64. Ukighani kwa mwendo wa silabi mbili kwa sekunde, ubeti ni kama nusu dakika. Ongeza pumzi na kurudia kituo (mshororo wa mwisho wa ubeti), unakaribia sekunde 45. Beti 10 zinakula dakika saba au nane. Zaidi ya hapo unawachosha watoto na mgeni rasmi kwa pamoja.

Panga beti zako kwenye karatasi kwa kutumia vitendo tu: Bibi anaita na kutangaza msimamo. Mjukuu anaheshimu na kupinga. Bibi anadhihaki. Mjukuu anahesabu. Bibi anatisha (mtungi ukilipuka je?). Mjukuu anajibu kwa kuonyesha namna ya kufunga valvu. Bibi anakohoa katikati ya mshororo. Na kuendelea hivyo. Ukikuta beti mbili zinazofuatana zina kitendo kilekile, futa mmoja, hata kama ndio wenye vina vitamu kuliko vyote. Inauma, najua.

Hatua ya 3: Sasa tunga

Mshororo wa tarbia unagawanyika vipande viwili vya mizani 8: cha kwanza huitwa ukwapi, cha pili utao. Silabi ya mwisho ya ukwapi ni kina cha kati. Ya mwisho ya utao ni kina cha mwisho. Katika ubeti mmoja, vina vya kati vifanane na vya mwisho vifanane, japo watunzi wengi hukiacha kituo kiwe na vina vyake. Sheria hizi zimeandikwa wazi tangu kitabu cha Amri Abedi cha mwaka 1954. Wapo walioziacha, Euphrase Kezilahabi na wenzake walitunga bila vina tangu miaka ya 1970, na mijadala ikawaka. Kwa shairi la kusomwa kimya, chagua utakalo. Kwa ngonjera nashauri ushike vina, kwa sababu ya kimuziki: sikio la hadhira halina karatasi, na kina ndicho kinacholiambia kwamba mshororo umefika mwisho.

Anza na kituo, mshororo wa nne. Hicho ndicho hadhira itaondoka nacho mdomoni, na ndicho kitakachokupa vina vya kutafutia maneno mengine. Kila mhusika awe na kituo chake. Cha Bibi:

*Mkaa wangu wa kopo, ndio ninaopikia.*

Hesabu kwa vidole: m-ka-a-wa-ngu-wa-ko-po, nane. Ndi-o-ni-na-o-pi-ki-a, nane. Sasa tunajua vina vya kati ni -po, vya mwisho ni -a, na nitajibana zaidi vyote viishe na -ia ili viimbike vizuri. Kabla ya kutunga, andika pembeni maneno yote ya -po yanayohusu jambo lako: hapo, papo, kopo, malipo, mkopo, upepo. Orodha hiyo mara nyingi hukuletea hoja ambayo hukuifikiria.

*Mjukuu keti hapo, nina neno kukwambia,*
*Mtungi una malipo, kwa pamoja walipia,*
*Mimi hununua papo, kidogo najipimia,*
*Mkaa wangu wa kopo, ndio ninaopikia.*

Kituo cha mjukuu nacho kinatakiwa kuuma bila kutukana:

*Nakuheshimu, si chuku, Bibi bingwa wa mapishi,*
*Lakini jikoni huku, hewa safi haitoshi,*
*Jumlisha kila siku, hutabaki na ubishi,*
*Kikohozi cha usiku, ndiyo zawadi ya moshi.*

Mambo machache ya kuhesabu mizani ambayo huwasumbua wanaoanza. Irabu mbili zinazofuatana ni mizani mbili: "mjukuu" ni m-ju-ku-u, nne. Herufi "m" inayosimama peke yake mbele ya konsonanti huhesabiwa: "mtungi" ni tatu. Katika "jumlisha" ile "m" ya katikati nayo ina mizani yake, ju-m-li-sha. Lakini katika "mbili" au "ndizi" sauti mbili za mwanzo zinashikana, hivyo kila neno lina mizani mbili tu. Maneno kama "labda", yenye konsonanti mbili katikati, huzua ubishi baina ya washairi wenyewe. Yaepuke mpaka uzoee.

Kipande kikizidi, usikikate ovyo. Tuseme umeandika "Mkaa ni ghali siku hizi". Hizo ni 10. Ukiondoa "siku hizi" zinabaki 6, pungufu. Ongeza "mno": m-ka-a-ni-gha-li-m-no, nane kamili, na maana imekaza. Ushairi unaruhusu pia kufupisha: "walipia" badala ya "unalipia", "wadai" badala ya "unadai". Usichoruhusiwa ni kubandika "jama", "kweli" au "wajua" kila unapopungukiwa. Hadhira inayajua hayo maneno ya kuzibia, na mara ya tatu wanaanza kucheka.

Jingine: jiepushe na takwimu za wizara. Tanzania ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya wananchi. Habari njema, lakini jaribu kuimba "asilimia themanini". Ni mizani 9. Hata kipande chenyewe kimeikataa. Takwimu mwachie mshereheshaji azisome kabla hamjaingia.

Hatua ya 4: Tafuta mahadhi yanayofuata maneno

Wengi huchukua wimbo wa injili au wa bongofleva wakaulazimisha juu ya beti. Matokeo yake mkazo unaangukia mahali pabaya na neno linageuka. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Sasa tazama kinachotokea katika kipande cha mizani 8: neno la mwisho la kipande, liwe lolote lile la silabi mbili au zaidi, mkazo wake unaangukia mizani ya 7. HA-po, ma-LI-po, u-SI-ku, MO-shi. Daima ya 7. Mizani ya 8 ni ya kutulia.

Mizani za mwanzo hazina utii huo. "Mjukuu keti hapo" ina mkazo kwenye ya 3, ya 5 na ya 7. "Lakini jikoni huku" ni ya 2, ya 5 na ya 7. "Mkaa wangu wa kopo" ni ya 2, ya 4 na ya 7. Kwa hiyo ukimweka mpiga ngoma agonge kwa nguvu kwenye 1, 3 na 5, atavuruga nusu ya beti zako. Mwambie apige kwa wepesi muda wote, kishindo kije kwenye ya 7 tu. Mwimbaji naye aache mwanzo wa kipande uende kama mazungumzo, aiegemee ya 7, kisha aivute ya 8 kidogo au aiache ife.

Mwinuko wa sauti una kanuni rahisi ya kuanzia. Ukwapi upande na ubaki juu, kana kwamba neno halijaisha, utao ushuke. Mishororo mitatu ya kwanza ishuke nusu tu. Kituo kishuke mpaka chini kabisa, nyumbani. Ukifanya hivyo hadhira itajua wakati wa kuitikia bila kuelekezwa. Baada ya beti mbili watakuwa wanaimba "ndiyo zawadi ya moshi" pamoja na mjukuu.

Wahusika wawili wasiwe na mahadhi sawasawa kabisa. Bibi aghani taratibu, karibu na maneno ya kusema, sauti ya chini. Mjukuu awe mwepesi, juu zaidi. Pigo la ngoma libaki lile lile ili ngonjera isikatike. Ngoma moja na kayamba vinatosha. Kinanda kikiwepo, kinyamaze wakati wa ubeti na kiingie kati ya beti. Wapiga kinanda wengi hawaupendi ushauri huu, lakini maneno ndiyo yaliyowaleta watu.

Kupata kimo cha sauti, usianzie mwanzo wa ubeti. Muimbishe kila mmoja noti ya juu kabisa na noti ya chini kabisa ya mahadhi yake, ndipo uamue mahali pa kuanzia. Watoto walioanza juu mno hufika ubeti wa tano wakiwa wanapiga kelele.

Hatua ya 5: Waondoe kwenye safu

Picha ya ngonjera tunayoijua ni safu mbili za wanafunzi zikitazama mbele, mikono ikipepea kushoto na kulia kwa pamoja. Inapendeza kwa ubeti mmoja. Kuanzia wa pili mikono haisemi chochote, maana inapepea vilevile kwa huzuni na kwa furaha.

Weka jiko la mkaa upande mmoja wa jukwaa, mtungi mdogo wa gesi upande wa pili. Vyote vikiwa baridi. Hakuna haja ya kuwasha moto mbele ya watu, na mtungi uwe mtupu. Bibi anakaa kwenye kigoda karibu na jiko, khanga kichwani, kopo mkononi. Mjukuu amesimama. Hiyo tu imeshasimulia nusu ya habari: nani mwenye nyumba, nani mgeni wa jambo hili. Maleba zaidi ya hapo ni mzigo.

Kisha panga mwendo kwa kufuata vile vitendo vya hatua ya 2. Mjukuu anapohesabu, achukue kopo mkononi mwa Bibi. Bibi anapodhihaki, alinyang'anye. Kopo linakuwa kitu cha kugombewa, na hata mtu aliyekaa nyuma asiyesikia vizuri anauona ugomvi. Mhusika asiyeimba asigande. Asikilize, akunje uso, akohoe. Kikohozi cha Bibi, kikitokea katikati ya ubeti wa mjukuu na kumkatiza, kina uzito kuliko beti tatu za kueleza madhara ya moshi. Kifanyiwe mazoezi kama noti yoyote: kitokee baada ya kina cha kati, mapigo yaendelee, mjukuu adakie utao.

Kama kundi ni kubwa, usigawe beti kwa watu ishirini. Weka wahusika wawili na wengine wawe majirani, nusu kwa Bibi, nusu kwa mjukuu, waitikie vituo na kuhama upande kadiri hoja zinavyowaingia. Jirani mmoja anayevuka jukwaa akiwa na sufuria yake ni tukio zima.

Hatua ya 6: Upatanisho usiwe wa bure

Ngonjera hudai mwafaka. Lakini Bibi akisema ghafla "nimeelewa, mkaa ni mbaya", umeliua igizo. Mwache akubali sehemu, na abakishe kitu. Na mabadiliko yake yasikike kwenye muziki wa beti: hadi sasa alikuwa na vina vyake vya -po na -ia, katika ubeti wake wa mwisho aingie katika vina vya mjukuu.

*Nimekusikia huku, sina tena la ubishi,*
*Chai na uji wa siku, gesi yafaa mapishi,*
*Ila harage na kuku, gesi yako haitoshi,*
*Kikohozi cha usiku, tukipunguzie moshi.*

Amechukua maneno manne ya mwisho ya mjukuu, mapishi, haitoshi, ubishi, moshi, na kuyageuza yamtumikie yeye. "Haitoshi" iliyokuwa ya hewa imekuwa ya gesi. Hapa aghani kwa mahadhi ya mjukuu lakini kwa mwendo wake wa taratibu. Wasikilizaji wengi hawatajua ni kwa nini ubeti huo unawagusa, na hawahitaji kujua.

Mazoezi na siku yenyewe

Mazoezi ya kwanza yawe bila mahadhi: waseme beti kama mazungumzo ya kawaida, kwa hasira na utani wa kweli. Ya pili, waimbe bila maneno, "la la" tu, wakipiga kofi kwenye mizani ya 7. Ya tatu, watembee jukwaani bila sauti. Ndipo uunganishe. Ukiunganisha mapema, watoto hukariri kila kitu kwa mkumbo na kosa moja huangusha yote.

Mkitumia kipaza sauti kimoja cha kushika, mkipeane kwa utaratibu: anayemaliza kituo ndiye anayekipeleka, mwenziwe asikinyakue. Zoezeni hilo na fimbo.

Na jiandaeni kutunzwa. Ubeti ukinoga, mtu atainuka na noti yake, atafuata mwingine, na mara jukwaa limejaa kina mama wakipunga khanga. Waimbaji wasiojiandaa husimama wakitabasamu huku ubeti umekatika. Kubalianeni mapema: pesa zikianza kuja, ngoma inaendelea, wote wanarudia utao wa kituo, na Bibi anaendelea kupepea jiko lake. Watu wakirudi kwenye viti, mpiga ngoma anatoa kishindo kimoja, na mwenye zamu anaanza ubeti wake upya kutoka mshororo wa kwanza.